Mtoto akizaliwa mbele ya wakati: kifua cha mama njo kuveze ya kwanza

Mama anashikwa na uchungu usiku, mimba ikiwa ya miezi saba. Mtoto anatoka na kilo moja na nusu, analia kidogo tu. Kituo cha afya hakina mashine, na hospitali kubwa iko mbali. Jamaa wanajiuliza: tumpeleke wapi, na tumfikishe namna gani?

Waganga wanaita prematire mtoto yeyote aliyezaliwa mbele ya juma 37 za mimba. Kulingana na Shirika la afya duniani (OMS), watoto hao walikuwa karibu milioni 13,4 ulimwenguni mwaka 2020. Matatizo yao njo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto wenye chini ya miaka 5.

Shida yao ni gani? Ngozi ni nyembamba na haina mafuta chini yake, kwa hiyo baridi inawaingia haraka. Mapafu hayajakomaa. Wengine wanasahau kupumua kwa sekunde kadhaa. Nguvu ya kunyonya bado ni kidogo, na sukari inashuka katika damu. Mikrobi ndogo tu inaweza kuwaua.

Kunako hospitali yenye kitengo cha watoto wachanga, mtoto anawekwa kwenye joto. Akishindwa kupumua vizuri, anapewa hewa ya kusukuma mapafu yabaki wazi. Oksijeni inapimwa na kifaa kinachofungwa kwenye mguu, sababu ikizidi inaweza kuharibu macho. Kafeini inamkumbusha kupumua. Maziwa ya mama yanapitishwa kwa mpira mwembamba mpaka tumboni. Mwenye manjano anawekwa chini ya taa ya bluu.

Watu wengi wanafikiri bila kuveze mtoto hataishi. Lakini kuveze inaomba kura isiyokatika na usafi mkubwa. Watoto wawili wakilazwa katika moja, ugonjwa wa mmoja unapita kwa mwenzake.

Mwaka 1978, kule Bogotá nchini Kolombia, kuveze zilikuwa hazitoshi. Mganga Edgar Rey akaanzisha njia ya kangaroo: mtoto anawekwa wima kwenye kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na kofia, soksi na kitambaa cha haja tu, kisha wanafungwa pamoja na kikwembe. OMS inashauri afanyiwe hivyo saa 8 mpaka 24 kwa siku. Tangu 2022 inashauri pia kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, isipokuwa kwa mtoto mahututi sana. Mama akichoka, baba ao nyanya anaweza kumbeba vilevile.

Njia hiyo njo inafaa hata barabarani. Mtoto aliyefungwa mgongoni ao kuzungushiwa manguo tu anaweza kufika hospitali akiwa baridi kabisa. Abebwe kifuani mwa mama, chini ya nguo. Asiogeshwe kwanza, wala asipewe maji, sukari ao dawa ya majani.

Kuna wanaosema mtoto wa miezi saba anaishi, lakini wa miezi nane anakufa. Si kweli. Kila juma anayoongeza tumboni inamkomaza.

Tena, mama asingoje mtoto atoke. Uchungu ao maji yakianza mbele ya wakati, aende hospitali palepale. Mbele ya juma 34, waganga wanaweza kumpiga sindano inayosaidia mapafu ya mtoto kukomaa, lakini inaomba muda ili ifanye kazi.

Baada ya kurudi nyumbani, wazazi wakimbilie hospitali, hata ni usiku, kama mtoto:
- anakataa kunyonya;
- ana mwili wa baridi ao wa moto sana;
- anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, ao kifua kinaingia ndani;
- anashikwa na degedege;
- ana viganja na nyayo za manjano.

Kwa mtoto mdogo namna hiyo, kungoja mpaka asubuhi kunaweza kuwa kuchelewa.