Viambishi Awali vya Wakati katika Kiingereza na Mjifunzaji Mwenye Lugha ya Kibantu

Makala haya yanajadili namna mjifunzaji ambaye lugha yake ya kwanza ni ya Kibantu anavyokabiliana na viambishi awali vya Kiingereza vinavyodokeza wakati, hususan pre-, post-, ante-, fore- na ex-. Suala hili si la wanaisimu peke yao. Nchini Rwanda, ambako mwaka 2008 Serikali iliamua kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, silabi moja katika pre-colonial au post-colonial ndiyo inayoamua iwapo mtahiniwa wa historia ataandika juu ya ufalme au juu ya Jamhuri. Katika kituo cha afya, antenatal na postnatal hutenganisha mjamzito na mzazi aliyekwisha kujifungua.

Ni kosa kudhani kwamba mjifunzaji huyu ni mgeni wa uambishaji. Hakuna anayeujua kuliko yeye. Msemaji wa Kiswahili hutofautisha alisoma, anasoma na atasoma kwa mofimu moja ndani ya kitenzi. Wa Kinyarwanda husema azasoma, na wa Kirundi azosoma, kwa utaratibu uleule. Neno ejo katika Kinyarwanda na Kirundi linaonyesha jambo hili vizuri zaidi: humaanisha jana na pia kesho. Msikilizaji hatatiziki, kwa sababu kitenzi ndicho kinachobeba wakati. Hata mtu anapotaka kubainisha, hutumia umbo la kitenzi: ejo hashize ni jana, ejo hazaza ni kesho.

Ugumu basi hautokani na kiambishi chenyewe bali na mahali kinapokaa na kazi kinayofanya. Viambishi vya Kiingereza tunavyovijadili hukaa zaidi kwenye nomino na vivumishi, wala havionyeshi njeo. Pre- haisemi kama jambo limepita au linakuja. Husema tu kwamba linatangulia tukio lililotajwa na shina. Ghasia zinazoitwa pre-election zaweza kuwa za mwaka jana au za mwaka kesho. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kwamba pre- ni “zamani” anampotosha mwanafunzi, ingawa mifano ya vitabuni, ambayo aghalabu ni ya historia, itamwunga mkono kwa muda. Tafsiri inayofaa ni “kabla ya”, na ya post- ni “baada ya”. Hata hapo utata hauishi: je, post-1962 inaujumuisha mwaka 1962 wenyewe, ambao Rwanda na Burundi zilipata uhuru tarehe 1 Julai? Kiingereza hakijibu, na mwandishi wa waraka rasmi afadhali ataje tarehe.

Ex- inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hapa Kiswahili kina daraja ambalo halitumiwi ipasavyo. Ex-minister hufasiriwa “waziri wa zamani”, lakini Kiswahili pia husema “aliyekuwa waziri”. Katika umbo hilo njeo -li- imeingia ndani ya kirejeshi ili kuipa nomino wakati uliopita. Tunaweza pia kusema “atakayekuwa waziri”. Mjifunzaji akionyeshwa kwamba ex- hufanya kazi ya “aliyekuwa”, anaegemea sarufi anayoimiliki tayari. Lakini aonywe kwamba ex- katika export na exclude ina maana ya “nje”. Kistari husaidia: ex- ya wakati kwa kawaida huandikwa nacho.

Kuhusu maneno yenye sura ya kiambishi cha wakati, tahadhari ni ile ile. Fore- katika foresee na forecast ni ya wakati, katika forehead ni ya mahali, na forget haina uhusiano nayo. Postpone kweli ina post- ya “baada ya”, ila post office haina. Precious haina kiambishi cha wakati hata kidogo. Ante- na anti- hukaribiana mno katika matamshi, na tofauti ya “kabla ya” na “dhidi ya” si ndogo.

Wanafunzi wa Burundi na wa mashariki mwa Kongo wana akiba nyingine, nayo ni Kifaransa, ambacho kina pré- na post- zenye asili ileile ya Kilatini. Akiba hii ina thamani, japo ina mitego: prévenir ya Kifaransa mara nyingi ni kuonya mapema, ilhali prevent ya Kiingereza ni kuzuia, ingawa zote mbili zatoka katika kitenzi kimoja cha Kilatini chenye maana ya kutangulia kufika.

Kwa washauri wa sera, pendekezo letu ni dogo na halina gharama kubwa. Viambishi hivi vifundishwe ndani ya masomo ya historia, biolojia na uraia, pale vinapotumika, badala ya kuachiwa kipindi cha Kiingereza. Na watunzi wa mitihani waandike before au after palipo na nafasi, iwapo wanachopima ni historia. Taasisi nazo ziache kuagiza ripoti za bimonthly. Hata Waingereza hawakubaliani kama ni mara mbili kwa mwezi au mara moja kila miezi miwili.