Baisikeli ya Milimani katika Nchi Tambarare: Matatizo ya Istilahi za Tuta, Mtaro na Kinamasi

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi chache zinazomkabili mfasiri anapoeleza safari ya baisikeli katika nchi tambarare yenye vinamasi na mifereji. Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo, la starehe tu. Lakini istilahi hizo hizo ndizo zinazotumika katika taarifa za kilimo cha umwagiliaji, katika matangazo ya mafuriko na katika masomo ya jiografia. Anayezoea kukosea katika jambo la starehe atakosea pia katika jambo la uhai.

Mwandishi alipata kupewa kurasa chache za kijitabu cha njia za baisikeli nchini Uingereza, azipitie kabla hazijapigwa chapa. Humo alikuta msafiri ameagizwa aendeshe baisikeli "juu ya mtaro". Katika ukurasa uliofuata neno lile lile la asili lilikuwa limefasiriwa "tuta", na msafiri akaambiwa alikate tuta hilo kwa kunyoosha, ambapo kwa kweli palikuwa na shimo refu lililojaa maji. Mfasiri alikuwa na kamusi, na kamusi haikumdanganya. Kilichokosekana ni kuijua nchi yenyewe. Basi na tuanze hapo.

2. Nchi inayoelezwa

Mashariki ya Uingereza, katika majimbo ya Cambridgeshire, Lincolnshire na Norfolk, iko nchi tambarare iitwayo Fens. Zamani ilikuwa kinamasi kikubwa, na mji wa Ely, uliojengwa juu ya kilima kidogo, hata leo huitwa kisiwa ingawa hauzungukwi na bahari. Katika karne ya 17 mabwanyenye wakiongozwa na Earl wa Bedford walimtumia mhandisi wa Kiholanzi, Cornelius Vermuyden, kuikausha. Mfereji mkubwa wa kwanza ulikamilika mwaka 1637, na wa pili, uliochimbwa sambamba nao, mwaka 1651. Mifereji hiyo miwili imenyooka kama uzi kwa zaidi ya kilometa 30.

Lakini udongo wa huko ni mboji, na mboji ikikauka hunywea. Tena ikipata hewa huoza na kupotea. Kadiri nchi ilivyokaushwa ndivyo ilivyozama. Katika kinamasi cha Holme kiko kiguzo cha chuma kilichozikwa katikati ya karne ya 19 hata ncha yake ikawa sawa na ardhi. Leo kimesimama wazi kiasi cha meta 4, na mahali hapo ni chini ya usawa wa bahari. Matokeo yake ni kwamba mito sasa hupita juu kuliko mashamba, ikishikiliwa na matuta pande zote mbili, na maji ya mashambani hayana budi kupandishwa mtoni kwa nguvu: kwanza kwa vinu vya upepo, kisha kwa mashine za mvuke, kama ile ya Stretham ya mwaka 1831, na siku hizi kwa pampu za dizeli na umeme.

Mfasiri asiyeijua hali hii atashangaa kusoma kwamba msafiri "alipanda" kwenda mtoni. Kwetu watu huteremka mtoni. Huko hupanda, na mfasiri asisahihishe.

3. Jina la chombo

Baisikeli inayozungumzwa ilianza katika jimbo la California, Marekani, ambako katika miaka ya 1970 vijana wa Marin walikuwa wakiteremka mlima Tamalpais kwa baisikeli kuukuu zenye matairi mapana. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza baisikeli mpya kwa kazi hiyo hasa, na mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara ya kuziuza. Mwaka 1996 mbio zake ziliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta.

Je, tuiite nini? Wako wanaosema "baisikeli ya mlima", wengine "baisikeli ya kupandia mlima", na wengine "baisikeli ya milimani". La pili lafaa kuachwa, kwa sababu chombo hiki kilianza kwa kuteremka. La kwanza huacha shaka, kana kwamba ni mali ya mlima fulani. La tatu ndilo bora: kiambishi -ni chaonyesha mahali pa matumizi, na umoja na wingi wake hautatizi.

Itaulizwa: jina hilo laweza kukaaje katika nchi isiyo na milima? Jibu ni kwamba istilahi ikishakubalika hutaja aina ya kitu. Haimfungi mtumiaji mahali pamoja. Baisikeli hii hujulikana kwa umbo lake: tairi pana lenye kashata nene, usukani ulionyooka, fremu imara, gia nyingi, na mara nyingi shokapu katika uma wa mbele. Sifa hizo zafaa tope kama zifaavyo mawe. Tairi pana lisilojazwa upepo sana hugawanya uzito, likaelea juu ya mboji laini ambapo tairi jembamba lingezama. Kwa hiyo mfasiri asijaribu kubuni "baisikeli ya tambarareni". Atazaa vitu viwili mahali pa kimoja.

Hata hivyo, tambarare ina mlima wake, nao ni upepo. Hakuna kilima wala msitu wa kuuzuia. Kwa upepo unaompiga msafiri usoni hatuna haja ya kubuni neno: mabaharia wa pwani yetu wanao upepo wa mbisho. Ni neno sahihi, fupi, nalo ladumu zaidi likipewa kazi mpya.

4. Tuta au mtaro?

Hapa ndipo penye hatari. Neno la Kiingereza "dyke" lina maana mbili zinazopingana: udongo ulioinuliwa na shimo lililochimbwa. Asili yake ni moja, kwa sababu achimbaye mtaro hutupa udongo kando, na kazi moja huzaa shimo na lundo. Waholanzi wamelishika lundo. Kwao neno hilo ni ukuta wa udongo uzuiao maji. Wenyeji wa Fens wamelishika shimo. Lakini katika jimbo lile lile la Cambridgeshire, boma la kale liitwalo Devil's Dyke ni tuta refu lenye handaki kando yake, nalo huishia katika kijiji cha Reach, mahali hasa ambapo mfereji wa kale uitwao Reach Lode huanzia. Msafiri mmoja, katika asubuhi moja, aweza kupita juu ya "dyke" na kuvuka nyingine kwa daraja.

Kiswahili hakina utata huo. Kilichoinuka ni tuta. Kilichochimbwa ni mtaro, mfereji au handaki. Utajiri huu humlazimu mfasiri kuchagua, na hawezi kuchagua kwa kamusi peke yake. Twapendekeza ajiulize maswali matatu. Je, kitu hicho hupitwa juu au huvukwa? Je, maji yamo ndani yake au yako kando yake? Je, mwandishi wa asili ni wa nchi gani? Majibu yakikosekana, na atazame ramani. Na ramani ikikosekana, amuulize aliyemtuma. Kuuliza si aibu. Tangazo la mafuriko linalowaambia watu wakimbilie mtaroni badala ya kwenye tuta halitasahihishwa na toleo la pili.

5. Kinamasi na jamaa zake

Kosa la mwisho ni kuziita Fens zote "vinamasi". Sehemu kubwa leo ni mashamba ya ngano, viazi na viazisukari. Kinamasi cha kweli kimebaki mahali pachache, kama Wicken, ambako hifadhi ilianzishwa mwaka 1899. Basi jina Fens lisitafsiriwe, bali sifa ya kila mahali itajwe.

Kati ya mifereji miwili ya Vermuyden iko ardhi iliyoachwa wazi kwa makusudi ili ipokee maji ya masika yao, yaani majira ya baridi. Neno letu la kale mbuga, bonde la majani lijaalo maji wakati wa mvua, lingetosha kabisa. Lakini siku hizi msomaji husikia mbuga akawaza simba na twiga. Kwa hiyo twaongeza kifafanuzi: mbuga ya mafuriko.

6. Mapendekezo

Baisikeli ya milimani: baisikeli ya tairi pana na gia nyingi, kwa njia zisizotengenezwa.
Tuta: udongo ulioinuliwa kuzuia maji, sehemu yake ya juu ni mgongo wa tuta.
Mtaro: njia ndogo ya kutoa maji shambani.
Mfereji: njia kubwa ya maji iliyochimbwa, hata kama vyombo hupita.
Mlango wa maji: kizuizi kinachofunguliwa na kufungwa, kama kile cha Denver kizuiacho maji ya bahari yasipande mtoni.
Mapito ya mifugo: njia pana ya majani kati ya mashamba, ngumu wakati wa kiangazi, tope tupu wakati wa baridi.
Mbuga ya mafuriko: ardhi iliyoachwa ifurike.
Upepo wa mbisho: upepo unaompinga msafiri.

Walimu na wafasiri wanaombwa kuyajaribu maneno haya katika kazi zao na kuleta hoja zao, hasa wale wa mabonde ya mpunga na wa miteremko ya Kilimanjaro wenye mifongo. Wao huyaishi mambo haya kila siku, na pengine wanayo maneno bora kuliko haya yetu.