Nafasi ya Ukairali katika Kujipanga kwa Asidi Amino juu ya Metali: Mfano wa Sisteini kwenye Dhahabu

Kikemia, molekuli huwa na ukairali iwapo taswira yake ya kiooni haiwezi kulazwa juu yake ikalingana nayo, kama ilivyo kwa mkono wa kushoto na wa kulia. Asidi amino zinazojenga protini zina sifa hii, isipokuwa glisini. Swali linaloshughulikiwa hapa ni iwapo molekuli mbili zinazokutana juu ya metali hutambuana kwa mkono wao na, kama ndivyo, metali ina mchango gani katika utambuzi huo.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulichapishwa mwaka 2002 na Kühnle, Linderoth, Hammer na Besenbacher wa Aarhus, Denmaki. Walitumia hadubini ambayo ncha yake kali hupitishwa juu ya uso na kupima mkondo wa umeme unaopenya kati yake na uso huo, wakachunguza sisteini katika ombwe juu ya uso (110) wa dhahabu. Molekuli zilijiunga jozi jozi. Jozi za L zilielekea upande mmoja, takriban nyuzi 20 kutoka kwenye safu za atomu za dhahabu; jozi za D zilielekea upande wa pili kwa kiasi kile kile. Ulipowekwa mchanganyiko wenye L na D kwa kiasi sawa, L iliungana na L, na D na D.

Chanzo chake ni kuwa kila molekuli ina mashiko matatu: sulfuri na kikundi cha amino hushika dhahabu, ilhali kaboksili huungana na kaboksili ya mwenzake kwa bondi za haidrojeni. Jozi mseto haiwezi kuyatimiza yote matatu vizuri kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ni vigumu kukubaliana na maelezo yanayoichukulia metali kuwa sakafu tu ya kukutania. Mawili kati ya mashiko hayo ni yake. Hata glisini, isiyo na mkono, hupata mkao wenye ukairali inaposhikamana na uso (110) wa shaba.

Hata hivyo, uso huo wa dhahabu hauna mkono wake wenyewe. Huwezesha L kuitambua L nyingine, lakini hauipendelei kuliko D. Hivyo matokeo haya hayaelezi kwa nini protini za viumbe hai hujengwa kwa L.