Anfield: Uwanja Uliozaa Klabu

Ingawa leo Anfield hutajwa pamoja na Liverpool, uwanja huo ulipoanza kutumika kwa soka mwaka 1884 wapangaji wake walikuwa Everton, waliotwaa ubingwa wa ligi ya Uingereza wakiwa hapo mwaka 1891. Mwaka uliofuata, baada ya mzozo wa kodi ya pango na mmiliki wake John Houlding, mfanyabiashara wa bia, Everton walihamia Goodison Park, naye Houlding, akiwa amebaki na uwanja usio na timu, akaunda klabu mpya, Liverpool.

Mwaka 1906 lilijengwa Kop, yaani jukwaa la mteremko nyuma ya goli, lililopewa jina la kilima cha Afrika Kusini ambako wanajeshi wengi wa Kiingereza waliuawa mwaka 1900 katika Vita vya Makaburu. Mashabiki walisimama humo wakibanana kwa miongo mingi, hadi maafa ya Hillsborough ya mwaka 1989, yaliyogharimu maisha ya mashabiki 97 wa Liverpool mjini Sheffield, yaliposababisha viwanja vikubwa vitakiwe kuweka viti kwa kila mtazamaji. Kop la kusimama likafungwa mwaka 1994, hatua iliyopunguza watazamaji na pengine shangwe zao, lakini ambayo ni vigumu kuilaumu.