Gari lililozoea jua liandaliwe kabla ya theluji kuanguka

KWA dereva aliyejifunza kazi yake kati ya Banissa, Takaba na Rhamu, maadui wa gari wanajulikana: jua kali, vumbi, na mchanga wa laga, ile mito ya msimu ambayo hukauka kwa miezi mingi kisha hufurika kwa saa chache. Ujuzi huo ni hazina. Lakini dereva huyo akihamia nchi za theluji, baadhi ya mambo aliyofunzwa na jangwa yatamsaidia, na mengine yanaweza kumwangamiza.

Suala hili linawahusu watu wengi. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, maelfu ya watu waliopitia kambi za Dadaab, katika eneo la Garissa, walipewa makao Marekani, Kanada na nchi za Skandinavia. Wakenya wa Kaskazini Mashariki nao wamekwenda huko kwa masomo na kazi. Nchini Marekani, wengi walitua kwanza katika miji yenye joto kama vile San Diego, Phoenix na Clarkston, karibu na Atlanta, kisha wakahama wenyewe kuelekea kaskazini kuwafuata jamaa, kazi na nyumba nafuu. Ndivyo jimbo la Minnesota lilivyopata jamii kubwa zaidi ya Wasomali nchini humo, na ndivyo mji wa Lewiston, katika jimbo la Maine, ulivyoanza kuwapokea mwaka 2001. Anayehama kwa njia hiyo mara nyingi huenda na gari lake, gari ambalo halijapata kuona theluji.

Tofauti ya hali ya hewa ni kubwa mno. Mjini Garissa, joto la mchana hupita nyuzi 35 za Selsiasi katika miezi ya kiangazi. Mjini Minneapolis, usiku wa kawaida wa Januari hushuka hadi takriban nyuzi 13 chini ya sifuri, na mwishoni mwa Januari 2019 baridi ilipita nyuzi 30 chini ya sifuri. Gari lisiloandaliwa halitawaka asubuhi, na mwenye kulitegemea kwa teksi au kwa kufika kiwandani hupoteza siku nzima ya ujira.

Jambo la kwanza ni radieta. Katika barabara ya Banissa, dereva husimama, hufungua boneti na kujaza maji kutoka kwenye mtungi, na safari huendelea. Katika nchi ya baridi, maji matupu ni hatari. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na nguvu hiyo hupasua radieta, na hata chuma cha injini chenyewe. Yatakiwa mchanganyiko wa maji na dawa ya kuzuia kuganda, nusu kwa nusu, ambao hustahimili baridi ya hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Wala dereva asidhani kwamba dawa tupu ni bora zaidi, kwani isipochanganywa na maji huganda mapema kuliko mchanganyiko huo. Mafundi wana kipimo kidogo cha kuonyesha mchanganyiko utaganda katika kiwango gani cha baridi.

La pili ni mafuta ya injini. Magari mengi makuukuu katika maeneo ya joto hutiwa mafuta mazito ya 20W-50. Katika baridi kali, mafuta hayo hugeuka kama asali iliyoganda, injini ikashindwa kuzunguka, au ikazunguka kavu kwa sekunde za mwanzo na kujisaga. Nambari iliyo kabla ya herufi W huonyesha tabia ya mafuta wakati wa baridi: kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo mafuta yanavyotiririka kwa wepesi. Kitabu cha gari hutaja aina ifaayo, na kwa magari mengi ya kisasa ni 0W-20 au 5W-30.

Betri huja ya tatu. Joto ndilo huidhoofisha betri polepole, lakini baridi ndiyo hufichua udhaifu huo. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri, betri hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake za kuwashia gari, ilhali injini iliyopoa yahitaji nguvu nyingi kuliko kawaida. Betri iliyotumika miaka mitatu au zaidi katika joto la Phoenix yafaa kupimwa mwezi wa Oktoba, kabla ya theluji ya kwanza. Katika maeneo yenye baridi kali zaidi, watu hufunga kifaa cha umeme cha kupasha injini joto usiku kucha.

Kuhusu tairi, hapa ndipo mafunzo ya jangwani yanapopotosha. Gari likizama katika mchanga wa laga, dereva hodari hupunguza upepo ili tairi ipanuke na kushika. Kwenye barabara ya theluji na barafu, asifanye hivyo. Baridi yenyewe hupunguza upepo: halijoto ikishuka kwa nyuzi 5 au 6, shinikizo hupungua kwa takriban ratili moja kwa kila inchi mraba. Tairi iliyojazwa hadi 32 mahali penye nyuzi 20 za joto inaweza kubaki na 25 hivi baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri. Upepo upimwe kila wiki kabla ya safari na kuongezwa hadi kiwango cha mtengenezaji.

Mpira wa tairi za kawaida nao huwa mgumu halijoto ikishuka chini ya nyuzi 7. Tairi za majira ya baridi hubaki laini, nazo hutambulikana kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Zifungwe zote nne. Ukifunga mbili tu, sehemu moja ya gari itashika barabara na nyingine itateleza, na gari litapinduka upande kama ngamia aliyekatikiwa kamba. Jimbo la Quebec nchini Kanada, na Sweden na Finland barani Ulaya, zina sheria zinazolazimisha matumizi ya tairi hizo katika msimu wa baridi.

Kwa kioo cha mbele, maji ya kuoshea yaondolewe na kuwekwa yale yasiyoganda, na barafu ikwanguliwe kwa kikwangulio cha plastiki. Kumwagia kioo maji ya moto ni kukipasua. Theluji yote iondolewe, ya juu ya paa ikiwemo, kwani dereva akifunga breki huteremka na kumziba macho.

Kuna hatari moja isiyoonekana. Kila msimu wa baridi nchini Kenya husikika habari za watu waliofariki kwa kulala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Gesi hiyo hiyo ya kaboni monoksaidi hutoka katika bomba la moshi la gari. Gari lisiwashwe ndani ya karakana iliyofungwa ili lipate joto. Theluji ikifunika bomba la moshi, gesi huingia walimo abiria. Kwa hiyo bomba lizibuliwe kwanza, ndipo injini iwashwe.

Uendeshaji nao hubadilika. Katika mchanga, mwendo wa kasi huokoa gari lisizame. Kwenye barafu, mwendo wa kasi ndio unaoua. Nafasi kati ya gari na gari iwe ya sekunde 8 hadi 10. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne huondoka kwa urahisi katika theluji, lakini halisimami upesi kuliko mengine, na wageni wengi hudanganyika hapo. Gari likiteleza, mguu uondolewe kwenye mafuta na usukani uelekezwe kule dereva anakotaka kwenda. Haraka haraka haina baraka, na juu ya barafu hakuna methali iliyo kweli kuliko hiyo.

Ndani ya gari kuwe na blanketi, koleo, tochi, chakula, maji, nyaya za kuunganisha betri na chaja ya simu. Mfuko wa mchanga nao una faida, kwani ukinyunyizwa mbele ya tairi huzipa mahali pa kushika. Tangi lisipungue nusu. Gari likikwama katika dhoruba, abiria wabaki ndani na kuwasha injini kwa dakika 10 hivi katika kila saa, dirisha likiwa limefunguliwa kidogo. Mtoto avuliwe koti nene kabla ya kufungwa mkanda, kisha afunikwe kwa koti hilo juu ya mkanda, kwa sababu koti huuacha mkanda ukiwa umelegea bila mzazi kujua.

Mambo ya sheria yasisahaulike. Anayehamia Minnesota hupewa siku 60 kupata leseni ya jimbo hilo. Theluji ikiwa nyingi, jiji la Minneapolis hutangaza dharura na kupiga marufuku kuegesha gari kwenye baadhi ya barabara; gari lililoachwa hapo huvutwa, na mwenyewe hulipa faini. Aidha, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma, hivyo sehemu ya chini ya gari ioshwe mara kwa mara.

Matayarisho haya yana gharama, hasa tairi nne mpya kwa familia iliyohama juzi. Hata hivyo, seti moja hutumika kwa misimu kadhaa, na zile za kawaida hupumzika wakati huo. Asiyeweza kununua yote kwa pamoja aanze na dawa ya radieta, betri na upepo wa tairi, ambavyo ni nafuu, na asafiri polepole hadi apate mengine.