KAZI YA TAASISI KATIKA KUHIFADHI LUGHA ZA ASILI ZA MWAMBAO WA ZIWA VIKTORIA

Wakazi wa Ukerewe, Ukara na mwambao wa Mwanza hutumia Kiswahili shuleni, mahakamani na ofisini. Majumbani, mashambani na mitumbwini husikika pia Kikerewe, Kikara, Kijita na Kisukuma. Lugha hizo hazina nguvu sawa. Kisukuma kina wasemaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya asili nchini, ilhali Kikerewe na Kikara ni lugha za watu wachache. Mzee wa lugha hizo anapofariki, huenda akaondoka na majina ya samaki, pepo na miti ya dawa ambayo hayajaandikwa popote.

Umuhimu wa taasisi unaonekana wazi katika habari za marehemu Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kwa nia ya kuhifadhi desturi za wazee. Hakupatikana mchapishaji wa kuitoa katika lugha hiyo. Baadaye mwandishi mwenyewe aliifasiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia. Hata hivyo, muswada wa Kikerewe ulikuwa umetunzwa. Huo ndio uliomwezesha Profesa Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, kuifasiri hadithi kwa Kiingereza moja kwa moja. Tafsiri hiyo ilitolewa mwaka 2002.

Habari hiyo yaonyesha kwamba juhudi za mtu mmoja hazitoshi. Kila taasisi ina sehemu yake:

(a) Serikali huweka sera. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilihimiza utafiti wa lugha za jamii na uandishi wa kamusi na sarufi zake.

(b) Vyuo hutafiti. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulitoa atlasi ya lugha hizo mwaka 2009.

(c) Makumbusho hutunza. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Kisesa, yaliyoanzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, huhifadhi vifaa vya jadi, na ngoma za Bulabo huchezwa huko kila mwaka.

Pamoja na hayo, hakuna taasisi iwezayo kumfundisha mtoto lugha ambayo wazazi wake wameacha kumsemesha. Kamusi hutunza maneno, bali lugha huishi vinywani mwa watu. Kujua Kikerewe hakumzuii mtoto kukijua Kiswahili vizuri.

Kwa hiyo wananchi wanahimizwa kuandika hadithi, methali na nyimbo za wazee wangali hai. Maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa, pamoja na tafsiri ya Kiswahili, jina la msimulizi kwa ridhaa yake, kijiji na tarehe. Nakala zitunzwe mahali zaidi ya pamoja.