Bei ya Zamu ya Kwanza: Sayansi ya Kuunda Kikosi Kabla ya Drafti

Katika futiboli ya Marekani, ambayo klabu zake 32 za kulipwa zimo katika ligi iitwayo NFL, wachezaji wanaotoka vyuo vikuu hawagombaniwi kwa nguvu ya fedha, bali hugawanywa kwa utaratibu unaoitwa drafti, jina linalofanana na la mchezo wa kete unaochezwa vibarazani ingawa ni jambo tofauti kabisa. Klabu hupokezana zamu za kuchagua katika raundi 7, na ile iliyofanya vibaya zaidi msimu uliotangulia huanza. Utaratibu huu, uliopendekezwa na Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, mwaka 1935 na kutekelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936, ulikusudiwa kuwainua wanyonge, na msomaji aliyezoea kuona klabu tajiri zikitamba kila dirisha la usajili linapofunguliwa ataelewa upesi uzito wa kusudi hilo. Hata hivyo zamu yenyewe ni mali inayoweza kuuzwa na kununuliwa, na kwa sababu hiyo kila klabu, miezi kadhaa kabla ya drafti, hulazimika kuamua nani abaki, nani aachwe, na kama zamu iliyo mkononi itumiwe au ibadilishwe kwa nyingine. Wanasayansi wa maamuzi wamelifanya swali hili kuwa maabara yao, kwa kuwa hapa makadirio ya wataalamu huwekwa hadharani, na miaka michache baadaye hupimwa uwanjani.

Uamuzi huo una mipaka miwili. Wa kwanza ni idadi, kwa kuwa msimu unapoanza kikosi hakiruhusiwi kuzidi wachezaji 53. Wa pili ni ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho klabu inaweza kuwalipa wachezaji wake wote kwa pamoja, kilichoanza kutumika mwaka 1994 na kufikia dola milioni 255.4 mwaka 2024. Kwa kuwa kila dola anayopewa mmoja hupunguza fungu la wenzake, haitoshi kuuliza kama mchezaji ni hodari. Hupaswa kuulizwa kama uhodari wake unazidi gharama yake, na tofauti hiyo ndiyo wachumi wanayoiita thamani ya ziada. Chipukizi wa drafti hufungwa na mkataba wa miaka 4, na tangu mkataba wa kazi kati ya ligi na wachezaji wa mwaka 2011 malipo yake hutegemea zamu aliyochaguliwa, hivyo anayefanikiwa huipa klabu kazi ya thamani kubwa kwa bei nafuu.

Kipimo mashuhuri cha bei ya zamu ni jedwali lililotungwa katika klabu ya Dallas Cowboys mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa kocha Jimmy Johnson, ambalo huipa zamu ya kwanza pointi 3,000, ya pili 2,600, ya kumi 1,300 na ya 32 pointi 590. Jedwali hilo lilitokana na namna klabu zilivyokuwa zikibadilishana zamu, si na namna wachezaji waliochaguliwa walivyocheza baadaye, na kwa miaka mingi watu walilichukulia kana kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja.

Mtafiti Cade Massey na mchumi Richard Thaler, ambaye mwaka 2017 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi, ndio walioyatenganisha. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2013, baada ya kuujadili na wenzao kwa miaka kadhaa, walilinganisha bei ya zamu, mishahara na mchango wa wachezaji, wakagundua kuwa zamu za mwanzo kabisa zilikuwa zikinunuliwa kwa bei kubwa mno, na kwamba thamani ya ziada ilifikia kilele karibu na mwanzo wa raundi ya pili. Walikuta pia kwamba uwezekano wa mchezaji kumzidi yule aliyechaguliwa baada yake katika nafasi hiyohiyo ya uchezaji ulikuwa takriban asilimia 52, yaani mbele kidogo tu ya kurusha sarafu.

Udhaifu huu wa makadirio huelezwa na kanuni ya takwimu inayoitwa mrejeo kwenye wastani. Kila makadirio ya kipaji yana sehemu mbili, uwezo halisi na kosa la mpimaji, na anayeibuka kileleni miongoni mwa mamia aghalabu ni yule mwenye uwezo mkubwa ambaye kosa nalo lilimpendelea. Anapoanza kucheza uwezo hubaki, lakini upendeleo hutoweka. Maskauti, yaani wapimaji wa vipaji, wakiongeza juu ya hilo kujiamini kupita kiasi, klabu hulipa bei ya uhakika kwa kitu ambacho kwa kiasi kikubwa bado ni mbuzi kwenye gunia.

Chicago Bears ni mfano ulio wazi kuliko mingi, kwa sababu imekuwa mnunuzi na pia muuzaji. Mwaka 2017, ikiwa na zamu ya tatu, iliwapa San Francisco 49ers zamu hiyo pamoja na nyingine tatu za raundi za chini ili ipande hatua moja tu na kumchukua Mitchell Trubisky, kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, aliyekuwa ameanza mechi 13 tu katika timu ya chuo chake. Patrick Mahomes, aliyechukuliwa na Kansas City Chiefs katika zamu ya 10 mwaka huohuo, ameiongoza klabu yake kutwaa ubingwa mara tatu. Mwaka 2021 Chicago ilinunua tena, ikapanda kutoka zamu ya 20 hadi ya 11 ili kumpata Justin Fields, na bei ikawa ni pamoja na zamu yake ya raundi ya kwanza ya mwaka 2022.

Machi 2023, ikiwa na zamu ya kwanza mkononi, klabu hiyo iligeuka na kuwa muuzaji. Carolina Panthers ilitoa zamu ya 9, yenye pointi 1,350 katika jedwali, na ya 61, yenye pointi 292, jumla 1,642. Pointi 1,358 zilizosalia zilifidiwa kwa mpokeaji wa pasi DJ Moore, zamu ya raundi ya kwanza ya mwaka 2024 na ya raundi ya pili ya mwaka 2025. Carolina ilimchukua Bryce Young, ikashinda mechi 2 na kupoteza 15, hivyo zamu iliyokuwa imeahidiwa Chicago ikawa ndiyo ya kwanza kabisa katika drafti ya mwaka 2024. Pointi 3,000 zilirudi zilikotoka, na pembeni yake Moore alikuwa amekwisha kupokea pasi za jumla ya yadi 1,364 katika msimu mmoja. Houston Texans, iliyokuwa na zamu ya pili mwaka 2023 bila kulipa chochote ili kuipata, ilimchukua C. J. Stroud, ambaye alitangazwa mchezaji chipukizi bora wa mashambulizi.

Ndipo ulipofika uamuzi mgumu wa kikosi. Fields alikuwa na kipaji kisichotiliwa shaka cha kukimbia na mpira, lakini alikuwa akielekea mwisho wa mkataba wake nafuu, na kuuongeza mwaka wa tano kungeigharimu klabu zaidi ya dola milioni 25, ilhali kwotabeki ambaye angechukuliwa kwa zamu ya kwanza angelipwa takriban dola milioni 39.5 kwa miaka minne yote. Tarehe 16 Machi 2024 Fields alipelekwa Pittsburgh Steelers kwa zamu ya raundi ya sita. Ndani ya siku hizohizo alinunuliwa mpokeaji mzoefu Keenan Allen, na Aprili, katika drafti iliyofanyika Detroit, akachaguliwa Caleb Williams. Kubaki na zamu ya kwanza nako kuna gharama, kwa maana ya yote ambayo ingeweza kuuzwa kwayo, lakini malipo yaliyowekewa kikomo tangu mwaka 2011, katika nafasi ambayo wazoefu wake hulipwa kuliko wote, yaliifanya gharama hiyo ivumilike.

Msimu wa kwanza wa Williams ulionyesha mpaka wa hesabu hizi, kwa kuwa aliangushwa mara 68 kabla ya kuachia mpira na timu ikapoteza mechi 12 kati ya 17, jambo linaloashiria kwamba hakuna chipukizi, hata awe bora kiasi gani, anayeweza kuziba mapengo ya walinzi walio mbele yake. Hata hivyo uamuzi haupimwi kwa matokeo ya msimu mmoja, bali kwa idadi ya milango unayoiacha wazi. Mwaka 2025, Chicago ilipotumia zamu ya 39, mabaki ya deni la Carolina, kumchukua mpokeaji Luther Burden, zamu moja iliyouzwa miaka miwili kabla ilikuwa imeleta, miongoni mwa mengine, Moore, Williams, Burden na mlinzi Darnell Wright, aliyepatikana katika zamu ya 10 baada ya kushuka hatua moja kutoka ile ya 9. Baadhi yao watafanikiwa na wengine pengine hawatafanikiwa, na klabu iliyokubali kwamba haiwezi kujua mapema ni yupi ndiyo iliyojipa nafasi kadhaa za kujaribu pale ambapo mwenzake alijipa moja.